Moto uliolala njaa: jibu kwa dada wa Manyatta

Swali lenyewe, nikilifupisha kidogo, ni hili:

"Mwalimu, hujambo. Naishi Manyatta, Kisumu, kwenye ploti ya vyumba sita vya mawe, mstari mmoja, paa moja la mabati. Majuma matatu yaliyopita chumba cha jirani kilishika moto mwenyewe akiwa sokoni Kibuye. Ilikuwa kama saa kumi jioni. Mlango wa chuma, ambao unatazama upande wa ziwa, ulikuwa na kufuli kwa nje na dirisha lilikuwa limefungwa. Tulipofika hatukuona moto wowote, ni moshi tu, mzito, wa kahawia, unatoka chini ya mlango kisha kama unarudi ndani. Kioo kilikuwa cheusi kama kimepakwa lami. Watu wakasema moto umejizima kwa kukosa hewa. Ndugu yangu mdogo na wenzake wakavunja kufuli. Mlango ulipofunguka kukatulia kidogo, akapiga hatua aingie atoe televisheni ya jirani, halafu moto ukatoka wote mlangoni kwa kishindo. Aliungua uso na mikono. Sasa wengine wanasema ni mtungi wa gesi, lakini mtungi ulipatikana mzima. Wengine wanamlaumu kwamba yeye ndiye aliyeuamsha. Ni nini kilitokea? Walikosea kufungua? Na kama ndani kungekuwa na mtoto tungefanyaje? Madirisha yetu yote yana grili."

Dada yangu, mpe ndugu yako pole zangu. Nimefanya kazi ya zimamoto miaka mingi, kwanza Nakuru na baadaye Kisumu, na siku hizi nafundisha vijana wanaoanza. Barua yako nimeisoma mara tatu, lakini jibu nililipata mapema, pale uliposema moshi ulikuwa unatoka kisha unarudi. Wazee wengi wa zimamoto hawajawahi kupata shahidi anayeeleza jambo hilo vizuri hivyo.

Kilichomuunguza ndugu yako si gesi ya mtungi. Ni moshi wenyewe. Moshi uliojaa kile chumba ulikuwa kuni zinazosubiri hewa.

Najua hilo ni gumu kulimeza, maana tumezoea kuuona moshi kama takataka, kitu kinachobaki baada ya moto kula. Lakini kama umewahi kupika kwa mafiga kwenu nyumbani, umeshauona moshi ukiungua. Ni mvua za Aprili, kuni ni mbichi, jiko linafuka tu na machozi yanakutoka. Unainama unapuliza. Mara ya kwanza hakuna kitu, mara ya pili hakuna kitu. Mara ya tatu ule moshi mzito unageuka moto wote kwa mpigo mmoja, vuu! na wewe unarudisha kichwa nyuma nyusi zikinuka. Hukuongeza kuni wala hukumwaga mafuta ya taa. Uliongeza hewa. Yaliyotokea kwa jirani ni hayohayo, ila mahali pa mafiga matatu palikuwa na chumba kizima, na mahali pa pumzi yako palikuwa na mlango mzima ulio wazi na upepo wa ziwani wa saa kumi.

Ubao hautoi miali ya moto ukiwa bado ubao, wala godoro likiwa bado godoro. Joto kwanza hukivunjavunja kitu, kikatoa mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Mbao huanza kuvunjika hivyo kati ya nyuzi 200 na 300 za Selsiasi. Siku stima ikipotea, jaribu hili na watoto wakiwa wamekaa mbali kidogo: zima mshumaa, kisha haraka sogeza kiberiti kinachowaka kwenye ule uzi mweupe wa moshi, sentimita moja hivi juu ya utambi. Moto utashuka kwa ule uzi hadi kwenye utambi, na kiberiti hakijaugusa. Nimewaonyesha hilo wanafunzi wangu wote, na kila darasa kuna mtu anayeomba kulirudia mwenyewe.

Sasa tuingie chumbani. Nachukulia ni chumba cha ploti cha kawaida, mita tatu kwa tatu, na kwenda juu mita mbili na nusu. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Oksijeni ikishuka karibu na asilimia 15 miali huanza kudhoofika na kufa. Ukipiga hesabu, hewa yote ya chumba kama hicho, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, inatosha kuchoma takriban kilo moja ya sponji kabla moto haujaanza kukosa pumzi. Godoro peke yake lina kilo kadhaa. Bado kuna viti, mapazia, nguo, kabati, ndoo za plastiki. Kwa hiyo moto wa chumba kilichofungwa huishiwa hewa mapema sana, kuni zikiwa bado nyingi. Mtu akichungulia haoni mwanga wowote, na hapo ndipo majirani husema umejizima.

Haujajizima. Umelala njaa.

Wachomaji makaa wanaijua hali hii kuliko wahandisi. Tanuri likishafunikwa majani na udongo, ndani hakuna miali, lakini joto ni kali na magogo yanatoa moshi usiku na mchana bila kuteketea. Mchomaji hukesha na jembe lake akiziba kila ufa. Akisinzia na udongo ukaporomoka upande mmoja, hewa huingia, na asubuhi anakuta majivu. Chumba cha jirani yako kilikuwa kimegeuka tanuri: kuta za mawe zenye plasta zinazotunza joto, mlango wa chuma, dirisha lililofungwa, na pengine kitambaa kilichosokotwa chini ya mlango kuzuia vumbi na mbu. Nyumba ya mabati matupu ina matundu mengi, hivyo moto wake kwa kawaida hupata hewa, hutoboka na kuonekana mapema. Ni vyumba vya mawe, vile tunavyovisifu kwa usalama, vinavyoficha moto namna hii.

Ndani ya moshi huo kuna masizi, kuna mvuke wa sponji na plastiki, na kuna kaboni monoksidi nyingi. Wengi tunaijua kaboni monoksidi kama ile gesi ya jiko la makaa inayoua watu usingizini, isiyo na rangi wala harufu. Wachache wanajua kwamba nayo huwaka. Ikiwa kati ya asilimia 12.5 na 74 ya hewa, inahitaji cheche tu. Na cheche haikukosekana, kwa maana chini ya godoro lile kulikuwa na makaa hai.

Ndiyo sababu moshi ulikuwa ukitoka na kurudi. Moto ukikosa hewa hupoa kidogo, gesi za ndani hunywea, na chumba huvuta hewa kupitia kila upenyo. Hewa hiyo chache huuamsha moto kidogo, gesi hutanuka, moshi husukumwa nje. Kisha hewa huisha tena. Chumba kilikuwa kinapumua, dada, na mliiona pumzi yake chini ya mlango. Ile rangi ya lami kwenye kioo ni mvuke wa sponji na plastiki uliogandia hapo. Mara nyingine kioo hutetemeka, au mtu husikia mluzi mwembamba wa hewa inayonyonywa. Rangi ya mlango wa chuma inaweza kuanza kufanya malengelenge. Dalili hizi hazitokei zote kila mara. Mimi moshi unaorudi ndani peke yake unanitosha. Nikiuona, natoa kila mtu mbele ya mlango.

Mlango ulipofunguka, moshi wa moto ulitoka kwa juu na hewa baridi, ambayo ni nzito zaidi, ikaingia kwa chini kama maji yanayofurika sakafuni. Ule utulivu mliouona ndio huo. Hewa ilikuwa inasafiri kuelekea ukuta wa nyuma ikijichanganya na moshi njiani. Ilipofika kwenye makaa, sehemu iliyokwisha kupata kiasi chake cha hewa iliwaka kwa pamoja, ikatanuka ghafla, ikautafuta mlango. Wazimamoto huliita jambo hili bakidrafti. Muda kati ya mlango kufunguka na moto kutoka unaweza kuwa sekunde chache, unaweza kuwa dakika nzima au zaidi, na kwangu hicho ndicho kinachotisha kuliko ukali wake. Mtu anaogopa, anangoja, haoni kitu, woga unamtoka, anaingia.

Nami niliwahi kudanganywa na utulivu huo. Nilikuwa kijana kazini Nakuru, tumeitwa kwenye ghala la magodoro na mito. Tulifungua mlango, moshi ukatoka polepole, mzito, bila mwanga. Tukasimama. Mkubwa wetu akasema umekufa. Mwenzangu alikuwa ametangulia hatua mbili mbele yangu moto ulipokuja, ukapita juu ya vichwa vyetu kama pazia lililovutwa kwa nguvu. Aliungua masikio yote mawili, kwa sababu kofia zetu za wakati huo hazikuwa na kitambaa cha kufunika masikio. Mimi nilinusurika kwa kuwa nilikuwa nimeinama nikiunyoosha mpira wa maji. Hakuna ujuzi wowote hapo. Tangu siku hiyo sijawahi kuliamini jumba linalofuka bila mwanga.

Wenye vifaa bora kuliko vyetu wamepitia hayo pia. Tarehe 28 Machi 1994, katika mtaa wa Watts Street mjini New York, mpangaji alitoka na kuacha mfuko wa takataka wa plastiki juu ya jiko la gesi. Nyumba ilikuwa imezibwa kila upenyo ili isipoteze joto wakati wa baridi. Moto ulikula hewa ukaishiwa, ukabaki kufuka kama saa nzima. Wazimamoto walipoufungua mlango wa chini, moto ulitoka ukapanda ngazi, ukawakuta watatu waliokuwa ghorofa ya juu yake. Wote watatu walipoteza maisha. Wahandisi waliopiga hesabu baadaye walionyesha kwamba moshi uliokusanyika katika saa ile ulitosha kabisa kuwasha ngazi kwa zaidi ya dakika sita. Hakukuwa na mtungi wa gesi uliolipuka pale wala mafuta yaliyomwagika.

Nirudi kwenye mtungi wa jirani yako, kwa sababu maneno ya mtaani yanaweza kumletea mwenzako matatizo na landilodi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni, na ikivuja katika chumba chenye moto huwaka mapema. Haingojei moshi ujae, kioo kigeuke cheusi na watu wavunje kufuli. Mtungi wenyewe ukizidiwa na joto hupasuka na kuchanika, na usingeupata mzima. Mtungi huo hauna hatia.

Sasa nikueleze ndugu wa bakidrafti, kwa sababu huyo ndiye anayeua watu wengi zaidi, na anakuja wakati mlango uko wazi. Tuseme siku ile jirani alikuwa nyumbani, mlango wazi, dirisha wazi, hewa inaingia. Moto wa kitandani unapanda, moshi unagonga dari na kusambaa. Tabaka la moshi linanenepa na kushuka, na kadiri linavyopata moto ndivyo linavyorusha joto chini, kama jua. Viti ambavyo moto haujavigusa vinaanza kutoa mvuke. Nguo zilizokunjwa upande wa pili wa chumba zinafuka. Moshi wa darini ukikaribia nyuzi 500 hadi 600, joto linaloshuka sakafuni hufika kama kilowati 20 kwa kila mita mraba. Jua la saa sita mchana hapo Kisumu, lile linalowafukuza watu barabarani, ni kama kilowati moja. Fikiria majua ishirini. Hapo kila kitu chumbani kinashika moto karibu kwa wakati mmoja, kuanzia zulia hadi pazia. Tunaita flashova. Kabla yake kulikuwa na moto ndani ya chumba. Baada yake chumba chote ni moto, na hakuna binadamu anayebaki hai humo, hata mzimamoto mwenye mavazi kamili ana sekunde chache tu za kutoka.

Na inakuja haraka kuliko zamani. Watafiti wa Marekani walichoma vyumba viwili vinavyofanana, kimoja kina samani za zamani za mbao, pamba na sufu, kingine kina samani za siku hizi za sponji na nailoni. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa kufika flashova. Cha siku hizi hakikumaliza dakika tano. Nyumba zetu zimejaa samani za aina hiyo ya pili. Babu yangu alilala kwenye kitanda cha kamba na blanketi. Mimi nalala juu ya sponji, na wewe pia.

Mtu aliyeko chumbani atajuaje flashova inakaribia? Joto linamlazimisha kuinama hata kama moto uko mbali. Vitu ambavyo havijaguswa vinafuka. Ndimi ndogo za moto zinachezacheza ndani ya moshi karibu na dari, zinaonekana na kupotea. Ukiona hizo ndimi, acha simu, acha kitambulisho, acha kila kitu, toka ukitambaa na uvute mlango nyuma yako.

Kuhusu mlango huo: ukiufunga unawanunulia watu wote wa nyumba dakika za kujiokoa. Majaribio ya Marekani yameonyesha kwamba moto ukiwa sebuleni, chumba cha kulala kilicho wazi kinaweza kupita nyuzi 500, huku chumba cha jirani yake chenye mlango uliofungwa, wa mbao za kawaida tu, kikibaki chini ya nyuzi 40. James Braidwood, aliyeanza kuongoza zimamoto ya Edinburgh mwaka 1824, aliwafundisha watu wake waufunge mlango wakati maji yanaletwa, kwa sababu moto huungua kwa kadiri ya hewa unayopewa. Miaka mia mbili imepita na bado kazi kubwa ya mkufunzi ni kuwazuia watu wasifungue.

Je, walikosea? Ndugu yako alifanya kile ambacho kijana mwenye moyo mwema hufanya, na hakuna aliyewahi kumfundisha vingine. Asibebe lawama hiyo, na ninakuomba umsomee sehemu hii. Lakini wewe umeniuliza kama fundi, nami nakujibu kama fundi: kama ndani hakuna mtu, mlango ule haukupaswa kufunguliwa. Mngewatoa watu wa vyumba vyote sita, mngezima stima kwenye mita kama njia ilikuwa salama, mngeitoa mitungi ya gesi ya vyumba vya jirani, mngepiga 999 au 112, na kukaa pembeni na maji yenu tayari kwa ajili ya kuta na paa. Televisheni ilikuwa imekwisha kufa zamani. Joto la chumba kile lilikuwa limeiyeyusha kabla kufuli haijaguswa. Najua magari ya zimamoto huchelewa, na barabara za ndani za Manyatta ni nyembamba. Hata hivyo chumba kilichofungwa kinangoja. Kilichofunguliwa hakingoji gari.

Mtoto akiwa ndani ni jambo jingine, na hapa sitakupa maneno matamu. Chumba kimoja kilichojaa moshi hadi sakafuni, kinachopumua vile, aliyemo ana nafasi ndogo mno ya kuwa hai. Kaboni monoksidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, na moshi wa sponji una sianidi pia, sumu nyingine kali. Mivuto michache inamwangusha mtu mzima. Lakini mzazi hawezi kusimama tu, sijawahi kumwona anayeweza, kwa hiyo afadhali ujue namna iliyo na hatari ndogo. Watu wote waondoke mbele ya mlango, pamoja na walio ng'ambo ya kichochoro. Funga kamba kwenye kishikio ili mlango uweze kuvutwa na kufungwa tena kutoka mbali. Mwenye kufungua apige magoti pembeni, nyuma ya ukuta, au nyuma ya mlango kama unafunguka nje, uwe ngao yake. Fungua upana wa kiganja, rusheni maji kwa juu, palipo na moshi, funga. Rudia. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, nao mvuke huo hupoza moshi na kuusukuma. Wazimamoto wa Sweden waliikamilisha njia hii miaka ya 1980 kwa mpira unaotoa maji kama ukungu, tena kwa kubonyeza na kuachia. Kwa kopo na ndoo hutapata ukungu, kwa hiyo usitegemee muujiza, ila kila kopo linalofika kwenye moshi linapunguza joto.

Mlango ukiwa wazi kidogo, mkono wako upapase sakafu karibu na kizingiti. Walioshindwa kutoka mara nyingi hupatikana hapo au chini ya dirisha, na unaweza kumvuta mtu bila kiwiliwili chako kuvuka mlango. Watoto wadogo ni tofauti, wao hujificha chini ya kitanda. Mtu asiye na mtungi wa hewa mgongoni akiingia kwenye moshi kumtafuta huko, mara nyingi tunatoa wawili.

Nyumba ikiwa na vyumba viwili hesabu inabadilika kabisa. Mtoto aliyeko chumba cha ndani, mlango umefungwa, anaweza kuwa hai na mzima wakati sebule ni tanuri. Basi msipite sebuleni. Zungukeni nyuma, mwende moja kwa moja kwenye dirisha la chumba chake mkang'oe grili kwa mtaimbo, mtoeni kwa dirisha, na sebule iacheni imefungwa vilevile. Mwambieni apige kelele ili mjue yuko wapi, na kama anaweza, aweke nguo chini ya mlango kwa upande wake.

Kuna kitu hukuniuliza. Umesema vyumba sita, paa moja. Ploti nyingi nilizopanda juu yake, kuta za kugawa vyumba huishia kwenye dari, na juu ya silingi ni ukumbi mmoja mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho. Moshi wa chumba cha kwanza hukusanyika juu ya chumba cha sita ukiwa bado haujaungua, na hufanya huko yaleyale ya chumbani. Chungulia kwa juu, au mwite fundi achungulie. Kama kuta hazifiki kwenye mabati, wapangaji sita mkienda kwa landilodi pamoja atasikia kuliko mmoja akienda peke yake. Ni kazi ya siku chache, tofali na udongo wa saruji.

Grili sitakuambia uzitoe. Naijua Manyatta usiku na najua kwa nini zipo. Shuleni nina msimamo mwingine, sina subira hata kidogo: katika mioto ya mabweni, shule ya Bombolulu mwaka 1998 walikufa wasichana 26, na ya Kyanguli mwaka 2001 wavulana 67, milango imefungwa na madirisha yana vyuma. Kanuni za usalama wa shule za Kenya za mwaka 2008 zinasema wazi kwamba bweni halitakiwi kuwa na grili na mlango wake ufunguke kwa nje. Kama una mtoto anayelala bwenini, siku ya kumtembelea nenda uyashike madirisha kwa mkono wako mwenyewe.

Nyumbani, fundi wa kuchomelea anaweza kukata grili moja, ile ya chumba wanacholala watoto, akaitia bawaba na kuiwekea kufuli ndogo kwa ndani. Ufunguo mmoja ukae kwenye msumari karibu na dirisha, chini kiasi cha mtoto mdogo kabisa kuufikia, lakini mbali na mkono wa mtu aliye nje. Usiutundike pamoja na funguo nyingine. Kisha usiku mmoja zima taa, mfumbe mtoto macho kwa leso, umwambie alifungue. Mara ya kwanza atachukua muda mrefu na wewe utaumia moyo kumtazama. Mrudishe tena kesho yake.